Mtoto Achague, Nasi Tumlindie Saa Yake

Kila mwanzo wa muhula wa kwanza, katika shule nyingi za msingi kutoka Matuga hadi Lunga Lunga, hufanyika kazi moja ambayo humalizika kwa muda mfupi kuliko ule wa kuhesabu madawati. Mwalimu huingia darasani na karatasi, huwatazama wanafunzi, kisha huwagawa. Warefu huenda voliboli. Wenye mbio huenda riadha. Msichana mwenye sauti hupelekwa kwaya, na mtoto wa mwenye duka hutiwa katika skauti kwa kuwa babaye aweza kununua sare. Wanaobaki, na kila mwaka hao ndio wengi, huandikwa katika chama cha 4K wapate kumwagilia miche ya mwalimu mkuu. Karatasi hubandikwa ofisini, na shughuli ya kuwachagulia watoto mambo ya nje ya masomo huwa imekwisha hadi mwaka mwingine.

Hatuandiki haya kwa kuwalaumu walimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, ambaye husahihisha madaftari kwa mwanga wa koroboi au wa simu, hana nafasi ya kukaa na kila mtoto amwulize moyo wake wapenda nini. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba jambo hili limefanywa pambo la shule, kitu cha kuonyeshwa mgeni anapokuja, ilhali ni sehemu ya malezi ambayo haina badala yake. Chama cha 4K chenyewe, ambacho jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, hakikuundwa mwaka 1962 kiwe jalala la watoto waliokosa mahali. Kiliundwa kumfunza mtoto kilimo kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto anayekipenda angefurahi sana kuwamo. Aliyetupwa humo hujifunza tu kwamba yeye ni wa kutupwa.

Kabla ya kuuliza mtoto achague nini, yafaa tuulize kama anao wakati wa kuchagua. Kwa maandishi, anao. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa u nusu alasiri, na kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo zikaweka michezo na shughuli nyingine. Ni saa moja na robo kila siku, siku tano kwa juma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Na nyuma ya hayo yote upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na Kenya mwaka 1990, ambao kifungu chake cha 31 kinamtambulia mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika utamaduni na sanaa.

Kwa vitendo, saa ile imeibwa kitambo. Mwizi wa kwanza alikuwa mtihani. Tangu KCPE ya kwanza mwaka 1985 hadi ile ya mwisho mwaka 2023, kila kilichotahiniwa kilifundishwa na kila kisichotahiniwa kilikufa. Sanaa, ufundi na muziki vilikuwa katika mtihani miaka ya mwanzo. Vilipoondolewa mapema katika miaka ya 2000, vilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani huku Hisabati ikifundishwa katika nafasi yake. Vizazi vya watoto vikakua vikiamini kwamba kiwanja ni mahali pa darasa la tatu, na kwamba mtu akifika darasa la nane hufunga daluga zake kama afungaye maiti.

Mtihani ule umeondoka. Mtaala mpya unasema sana juu ya vipawa, na shule za upili za juu, ambazo wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia Januari 2026, zina mikondo mitatu, mmojawapo ukiwa ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Ni hatua njema. Lakini tayari imezaa maradhi yake. Wako wazazi, hasa wenye uwezo kule Ukunda na Diani, wanaomchagulia mtoto wa gredi ya pili klabu kwa kutazama mkondo atakaoingia akiwa na miaka kumi na mitano. Mtoto ana miaka saba. Bado meno yanang'oka. Naye amekwisha kupangiwa kuwa mwogeleaji wa taifa siku ya Jumamosi na mpiga kinanda siku ya Jumapili. Mzazi huyu na yule anayezuia michezo kabisa wanafanana kuliko wanavyodhani, kwa maana wote wawili wanamtazama mtoto kama shamba la mazao yao.

Tusisahau pia kwamba huku kwetu kazi nyingi zilizoonekana za kudumu hazikudumu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988 na kuwaacha watu wakitazama mabomba yakila kutu kwa miaka mingi kabla ya sukari kurudi. Uchimbaji wa madini ya titani wa kampuni ya Base ulikoma mwishoni mwa mwaka 2024. Anayedai kujua kazi ambayo mtoto wa leo wa Msambweni ataifanya mwaka 2045 anapiga ramli. Mtoto hapelekwi klabuni ili apate kazi. Anapelekwa ili ajue kufanya jambo pamoja na wenzake, ashindwe bila kupigwa, ajaribu tena, na aone kwamba mikono yake inaweza.

Sasa tuje kwenye mwizi wa pili, ambaye watu wengi hawapendi kumtaja kwa sababu si mwizi hata kidogo. Ni madrasa. Katika nyumba nyingi za Wadigo na Waswahili wa pwani hii, mtoto akitoka shule hubadili nguo, hula kilichobaki cha mchana na kwenda chuoni. Saa ile ile ambayo Kanuni za mwaka 2015 zimeipa kandanda, ustadhi anamngoja na msahafu, na katikati yake ipo sala ya alasiri. Shule ikipanga mazoezi siku zote tano bila kuuliza, haimpi mtoto nafasi ya kuchagua. Inamlazimisha kukosana na babaye au na mwalimu wake. Matokeo yake twayajua. Mtoto hudanganya pande zote mbili, na hukaa ufuoni.

Dawa yake si ngumu, ila yahitaji watu wazima waliokaa mkeka mmoja. Mwalimu mkuu na maalimu wa madrasa za kijiji wakikutana mara moja mwanzoni mwa muhula, waweza kukubaliana kwamba siku mbili ni za klabu na siku tatu ni za chuo, na mtoto akasali alasiri pale pale shuleni. Twaamini maalimu wengi wangekubali, maana wao pia huwapoteza watoto wale wale. Na katika mkutano huo mwalimu wa shule angejifunza jambo ambalo huenda halijui: kwamba yule mvulana aliyemwandika kuwa hana kipawa cha muziki ndiye anayepiga dufu wakati wa Maulidi, na yule msichana asiyeinua kichwa darasani husoma kasida mbele ya watu mia tatu bila kutetemeka.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Kosa kubwa katika kumsaidia mtoto kuchagua ni kudhani kwamba anaanza bila kitu. Mtoto wa Gazi hujua kupiga kasia kabla ya kujua kuandika jina lake. Mtoto wa Kinango, aliyechunga mbuzi tangu alipoweza kutembea, anaweza kuwatambua wanyama arobaini kwa sura na kusema ni yupi aliyekosekana. Hiyo ni kumbukumbu ambayo mchezaji wa chesi angeitamani. Wasichana wa vijiji vingi hujifunza kwa nyanya zao kuchambua miyaa, kusuka ukili na kuuunga ukawa mkeka wenye nakshi zisizopotoka, na hesabu yote imo vidoleni. Wako wanaojua sengenya kwa kuiona arusini, na wanaojua kutikisa kayamba likafuata mguu wa mchezaji. Wako mafundi wa tiara na magari ya waya. Kisha mtoto huyu anafika shuleni, anaulizwa ana kipawa gani, na kwa kuwa hajawahi kusikia mambo hayo yakiitwa kipawa, anajibu kwamba hana.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtoto lisiwe "Unataka klabu gani?" Mtoto wa miaka tisa hawezi kutaka kitu ambacho hajakiona, na mara nyingi atataja ile ya rafiki yake. Aulizwe afanyalo nyumbani asipotumwa. Aulizwe ni kitu gani alichowahi kumfundisha mdogo wake. Mwalimu atazame pia mapumziko ya saa nne, maana pale watoto hujichagulia wenyewe: nani anapanga timu za kati, nani amejitenga na vizibo akicheza bao lake peke yake, nani anasimulia na wenzake wamemzunguka. Dakika ishirini chini ya mkwaju zaweza kumwambia mwalimu mengi kuliko fomu.

Shule za sehemu hizi zina utajiri wa kuanzishia klabu ambao pesa hazinunui. Vijiji vya Gazi na Makongeni vina mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, ambao hulinda mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa nayo. Fedha zake zimeingia katika maji na shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Chama cha mazingira katika shule iliyo karibu na mikoko ile hakihitaji kusoma kitabu cha misitu ya Brazil. Kaya Kinondo, miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, iko hatua chache kutoka barabara ya Diani, na wazee wake wakiombwa kwa adabu huwaeleza watoto habari za miti na miiko. Milima ya Shimba ina palahala, ambaye nchini Kenya hapatikani mwituni penginepo. Mbega wanaoruka juu ya paa za Diani wana shirika linalowatunza tangu mwaka 1997. Mtoto anayependa wanyama ana mahali pa kuanzia, na nauli yake ni ya matatu moja.

Juu ya mashindano tutasema kwa ufupi. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo asili yake ni mwaka 1927, limewapa watoto wengi jukwaa lao la kwanza, na mashindano ya michezo ya shule za msingi vivyo hivyo. Hatuyapingi. Tunachopinga ni shule yenye wanafunzi mia sita kuwa na wachezaji kumi na mmoja na watazamaji waliobaki, eti kwa kuwa kikombe kinatakiwa. Mtoto asiyejua kuimba ana haki ya kuimba. Umri wa shule ya msingi ni umri wa kuonja, na mtoto anaweza kupenda kwa dhati jambo ambalo hatalifanya vizuri maishani mwake. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Mtoto mwenye ulemavu naye asiwekwe kulinda mashati ya wachezaji. Atafutiwe mchezo unaolingana naye, au mchezo ubadilishwe kidogo wamkaribishe.

Upande wa gharama ni mzito zaidi. Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alipoanza skauti katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, aliwachukua wavulana wapatao ishirini akiwachanganya wa matajiri na wa wafanyakazi. Leo katika shule nyingi skafu na shati ndivyo vinavyotenganisha. Shule yaweza kuwa na sanduku la sare na viatu, wanaohitimu wakaacha na wanaoingia wakaazima. Na kule Kinango na Samburu, ambako ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliwaacha ng'ombe mifupa, ni upuuzi kupanga mbio za saa kumi kwa mtoto aliyekula uji asubuhi na hana uhakika wa chakula cha jioni, na ambaye bado ana mwendo mrefu kufika kwao kabla ya giza. Huko klabu iwe baada ya chakula cha mchana, kivulini, na iwe ya kukaa.

Neno la tahadhari, nalo si dogo. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya na UNICEF zilitoa ripoti juu ya watoto wanaonyonywa kingono katika pwani yetu, na Diani ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa. Mtoto asiye na pa kwenda alasiri huenda ufuoni, na ufuo una watu wa kila namna. Klabu njema ni ngome. Lakini klabu yenyewe yaweza kuwa mlango ikiwa anayeiongoza hajulikani. Mgeni mwenye moyo mkunjufu anayetaka kuwafundisha watoto sarakasi au kupiga picha, na mwenyeji pia, aulizwe alikotoka, mwalimu awepo, na mtoto yeyote asichukuliwe peke yake kwa kisingizio cha mazoezi. Mzazi naye aulize kila jioni, bila kuhoji kama polisi: "Mwanangu, leo mlifanya nini? Mlikuwa na nani? Utapenda kurudi?" Jibu la swali la tatu lisikilizwe hata kama ni la kimya.

Kuhusu hesabu ya shughuli, maoni yetu ni kwamba moja yamtosha mtoto wa gredi tatu za mwanzo, na huyo heri acheze tu. Kwa gredi ya nne hadi ya sita, mbili ni nyingi. Mtoto apewe majuma mawili ya kuzunguka na kuonja kabla jina lake halijaandikwa kwa wino. Akishaandikwa, na akachoka katikati ya muhula, amalize muhula, kwa sababu wenzake wanamtegemea. Ukiisha, awe huru kuhama bila kuitwa kigeugeu. Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu: mkipangiwa msilolitaka, mwendeeni mwalimu wenu baada ya paredi, mseme kwa heshima mnalolitaka na sababu yake. Mwalimu aliyeambiwa sababu si sawa na mwalimu aliyeona mtoto ametoroka.

Ipo shughuli moja tu ambayo tungekubali mtoto asiachiwe kuichagua, nayo ni kuogelea. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka na watu 272 wakafa maji, karibu na nchi kavu kiasi cha kuonekana na walio pwani. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na bado kuogelea huachiwa bahati: wavulana hufundishana wenyewe mtoni na baharini, na wasichana aghalabu hawafundishwi kabisa, kwa sababu ya mavazi na kwa kuwa hapana mwalimu wa kike. Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji mwaka 2021. Kisiwani Unguja, kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, wakifunzwa na wanawake, na wazazi walioanza kwa kukataa waliishia kuwaleta mabinti zao. Hakuna sababu jambo hilo lisifanyike Msambweni.

Muhula wa pili huanza masika yakiwa bado yananyesha, viwanja vikiwa madimbwi na kandanda imesimama. Ndio msimu ambao watalii wamepungua na mabwawa ya kuogelea ya hoteli nyingi za Diani hukaa bila mtu. Hoteli zikiombwa kwa barua na idara ya elimu ya kaunti, asubuhi mbili kwa juma, bwawa la kina kifupi, mwokozi wa hoteli akiwapo na mwalimu wa kike akiwa majini na wasichana, watoto wa gredi ya tano wa shule zilizo jirani waweza kufundishwa kuelea kabla ya likizo ya Agosti. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja.